Kurara Mbili

Kama Hodan hangeuliza swali lake akimimina chai, Gaceri angezeeka akiamini kwamba ni akili yake ilikuwa imeisha.

Na hakuwa na akili kidogo, huyo. Ni msichana wa Timau, amekua akiangalia trekta zikipita kwa ngano, akashuka Nyeri kusoma chuo, na chuoni akashikwa na ugonjwa wa gemu ya vifaru. Vita ya mtandaoni: timu mbili, wanne kwa wanne, kila mtu na kifaru yake, na timu ya kubaki na mtu amesimama ndiyo imeshinda. Watu hufikiria kazi ni kupiga. Wapi! Kazi ni kuchagua. Kabla raundi ianze unaketi unajiuliza: leo uwanja ni milima ama ni mji? Twende na gari nzito ama nyepesi? Nani apewe gani? Ukikosea hapo, hata ukipiga kama mtu amepandwa na mashetani, umeisha tu. Na kwa timu yao mchaguzi alikuwa Gaceri. Walimwita Waziri wa Magari, na kichwa ilikuwa inamfura kidogo akiitwa hivyo, tusidanganyane.

Wengine walikuwa Kingori, ambaye mdomo yake haina breki. Phyllis, ambaye haongei mpaka akasirike. Na Mwai wa Othaya, mtoto wa majani chai, rafiki ya Gaceri wa kufa na kuzikana. Sasa Mwai, Mungu alimuumba vizuri kila mahali lakini L akasahau kumpea. Siku moja walipata kifaru ingine fupi, imelala chini kama kiatu, bunduki imekazwa mbele haigeuki hata kidogo. Kazi yake ni kujificha kwa kichaka na kungoja mtu apite. Mwai akaiangalia, akasema kwa uchungu kabisa, "Rakini hii ni ya kurara tu!" Walicheka mpaka mwenye kompyuta akawafukuza. Kutoka siku hiyo ile gari ikaitwa Kurara. Ile nzito, ya ngozi ngumu na mwendo wa kwenda kliniki, wakaiita Mzee. Na ile ndogo ya mbio, inatumwa mbele kutafuta maadui ndio wengine wawapige, wakaiita Panya. Panya hufa kwanza. Hakuna siku Panya ameona mwisho wa raundi.

Panya ilikuwa ya Mwai.

Basi, muhula huo wote walikuwa wanapigwa. Gaceri akichagua gari za mlima, adui wanakuja na dawa ya mlima. Akichagua za mbio, wanakuta njia imefungwa. Walipigwa na watu wa Karatina, wakapigwa na watu wa Kagio, ati Kagio, watu wa nyanya! Mwishowe Kingori akasema, "Waziri, tukipigwa na Nanyuki Jumamosi, tunabadilisha baraza la mawaziri." Alikuwa anacheka akisema. Yeye peke yake.

Gaceri alienda akalia kwa ngazi za hosteli. Na ni nani alimfuata? Mwai, na smokie mbili, zile soseji za barabarani, na kachumbari, akampanguza machozi na ile karatasi ya smokie. "Si wewe, Gaceri. Bahati yako imerara tu. Itaamka."

Mtu akikuambia hivyo, utamficha nini? Gaceri akamwambia mpango yake yote ya Jumamosi, raundi kwa raundi. Raundi ya kwanza angeleta kitu hakuna mtu mwenye akili huleta kwa uwanja ule: Kurara mbili. Si moja, mbili. Kingori hangeambiwa mapema kwa sababu ya ile mdomo, na Phyllis pia angengoja. Mwai peke yake ndiye alijua. Walicheka pamoja wakifikiria Nanyuki watakavyoruka.

Jumamosi ikafika. Mashindano yalikuwa kwa ukumbi mmoja juu ya duka ya mabati na misumari, baridi ya Nyeri inaingia kwa dirisha bila kubisha. Nanyuki wakaingia wakiwa wamependeza: Barre, kepteni wao, ambaye babake huuza ng'ombe na ngamia, dadake Hodan na thermos kubwa kama mtoto mchanga, na binamu zao wawili. Wakasalimiana, wakatukanana kidogo kwa heshima, wakakaa.

Raundi ya kwanza ikafunguka, na Nanyuki wakaonekana. Gari zote nne ni nyepesi. Za mbio tupu!

"Hawa wamekuja marathon?" Kingori akacheka.

Gaceri hakucheka. Kwenda na gari nne nyepesi ni wazimu, Mzee mmoja anazimaliza kabla chai ipoe. Isipokuwa kama unajua adui amekuja na gari mbili haziwezi kugeuza bunduki. Hapo unazizunguka tu nyuma, kama mbuzi amefungwa kamba. Na ndivyo walizizunguka. Kingori alikuwa bado na kicheko kwa mdomo raundi ikiisha.

Wakapewa mapumziko. Hodan akaja na thermos yake na vikombe viwili.

"Pole, sista. Kunywa, iko na tangawizi. Hii baridi yenu itatuua."

"Asante, Hodan."

"Lakini nikuulize kitu. Hii Kurara ni kifaru ya nchi gani?"

"Ati nini?"

"Kurara. Barre ametafuta jana yote kwa gemu. Ya Wajerumani, hapana. Ya Warusi, hapana. Tukafikiria labda ni ya Japani, inasikika kama ya Japani. Mwishowe tukasema, bora tumeambiwa haigeuzi bunduki, tuzunguke tu, jina tutauliza wenyewe."

Kikombe ya Gaceri ikasimama kati ya meza na mdomo. "Nani aliwaambia jina ya Kurara?"

"Si nyinyi? 'Anareta Kurara mbiri.'" Hodan akaisema vile vile aliisikia, kila R mahali pake, akicheka. "Ni ya kijana fulani, sauti alimtumia Barre kwa simu. Mimi nilidhani ni yale maneno ya kutishana kabla ya…" Halafu akaona uso ya Gaceri. Akashika mtandio, akajifunika mdomo. "Walahi, Gaceri, mimi sijasema kitu. Barre ataniua."

Watu wawili ndio walijua ni Kurara mbili. Mmoja alikuwa anashika hiyo kikombe. Na Gaceri akaanza kukumbuka, Karatina, Kagio, wote, na kila mahali alikumbuka alimwona Mwai ameketi kando yake, akimwambia, haya, niereze vizuri, hapo nani atashika nini?

Akamkuta nje kwa veranda, mikono kwa jaketi.

"Mwai. Kurara mbili, nani aliambia Barre?"

"Kurara gani?"

"Usinichezee! Hodan alidhani ni kifaru ya Japani!"

Mwai angecheka siku ingine. Aliangalia chini barabarani, mama mmoja akipanga parachichi juu ya gunia.

"Ni mimi," akasema.

"Na Kagio? Na Karatina?"

Mwai akavuta zipu ya jaketi mpaka kidevuni.

"Ulinipanguza machozi, Mwai! Wewe ndio uliniliza, halafu ukakuja na smokie!"

"Kira siku mimi ni Panya." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kira siku, Gaceri. Nakufa kwanza, naweka mikono kwa mapaja, naangaria nyinyi mkicheza. Nirikuomba Mzee mara ngapi? Unasema ngoja. Wewe unachagua nani atakufa na kira siku unachagua mimi."

"Nilikupea Panya kwa sababu Panya ndiyo macho yetu! Wengine nawachunga wasikosee. Wewe sikuwahi kukuchunga. Najua ukisema wako pale, wako pale."

"Hukuwahi kusema hivyo."

Na ni ukweli, hakuwahi. Hiyo ndiyo ilimuuma na hasira yake ikakosa mahali pa kusimama.

"Sikutaka timu ife," Mwai akasema. "Niritaka tu wakutoe kwa uwaziri. Mtu mwingine achague."

"Waziri!" Kingori akaita kutoka ndani. "Raundi!"

Sasa hapo ungefanya nini? Angeingia aseme, Kingori angepiga mtu na kiti, na timu bila mtu wa nne inafukuzwa. Hicho ndicho kisingizio alijipea. Lakini ukimfungua moyo ungepata kitu kingine: alikuwa anamtaka Mwai wa jana. Akaingia, akaketi, akasema bila kumwangalia, "Tunabadilisha. Mwai, shika Mzee. Panya ni mimi."

"Haiya," Kingori akasema. "Leo ni leo."

Nanyuki walikuja na dawa ya ule mpango wa zamani, na hawakukuta mgonjwa. Gaceri alikimbiza Panya katikati ya uwanja, akawaonyesha wote wanne, akafa, na Mwai akawafungulia moto. Yesu! Huyo kijana alimwendesha Mzee kama alizaliwa ndani. Anapiga, anarudi nyuma ya ukuta, anatoka, anapiga. Hata Phyllis alipiga kelele. Sasa ni raundi moja kwa moja, ikabaki ya tatu kuamua. Gaceri alijipata anatabasamu, machozi ikiwa karibu, akifikiria labda hii mambo yatapona.

Lakini Barre alikuwa anamwangalia Mwai. Alikuwa ameambiwa kitu kimoja na ameletewa kingine, na uso yake ilisema, hata mimi umeniuza? Akapita nyuma ya kiti ya Mwai, akainama kama mtu wa kufunga kamba ya kiatu, simu mkononi, akasema kitu. Kifupi. Halafu akaenda zake.

Gaceri aliona. Nisiwafiche, aliona vizuri kabisa. Bado angeweza kubadilisha.

"Vile vile," akasema. "Mwai, Mzee."

Raundi ya tatu, Panya ikapita chini ya daraja na ikawakuta watatu wamejibana hapo, mgongo wazi, kama kuku kwa banda. "Wako hapa! Mwai, uko juu yao, piga! Piga!" Hakuna kitu. "Mwai!" Wakaigeukia Panya, wakaimaliza.

Kwa hiyo gemu, ukikufa unaweza kuangalia kupitia gari ya mwenzako. Gaceri akafungua ya Mwai. Mzee alikuwa amesimama mahali pazuri sana juu ya kilima. Gari ya Hodan ikapita chini yake, karibu, polepole. Na bunduki ya Mzee ikaifuata. Ikageuka nayo pole pole, kutoka daraja mpaka kwa miti, kama mtu anasindikiza mgeni na macho mpaka kwa geti. Haikupiga.

Halafu Phyllis akafa, na Kingori akafa akitukana, na mwishowe Mzee mwenyewe.

Mwai akavua hedifoni. "Imehang. Haki ya Mungu, mashine imekwama."

Kingori hakumwangalia hata. Aligeukia Gaceri. "Ni nani alimtoa kwa Panya? Ni wewe. Ungemwacha tu!"

"Haikuhang," Gaceri akasema. "Nilikuwa naangalia bunduki."

Na akasema yote, akiwa amesimama, sauti ikimpasuka: Kurara mbili, ile sauti kwa simu ya Barre, Kagio, Karatina. Kutoka dukani chini ungesikia watu wakipima mabati. Mwai alikuwa anaangalia kibodi.

"Hodan," Kingori akaita, "ni ukweli?"

Hodan akamwangalia kakake. Akafunga kifuniko ya thermos, akaikaza, akaikaza tena. "Mimi nilikuja kucheza tu," akasema, na hakuinua macho.

"Basi ni maneno tu," Kingori akasema. Lakini hakusema kwa nguvu.

Ni Phyllis alisimama. Phyllis, ambaye hakuwa ameongea tangu asubuhi. "Gaceri, ulijua lini?"

"Baada ya raundi ya kwanza."

"Ukampea gari kubwa. Mara mbili. Na mimi nimekaa hapa kando yako, nikicheza na roho yangu yote, na hukuniambia."

"Phyllis, nilifikiria…"

"Jibu hii moja. Ingekuwa ni mimi niliuza timu, ungenipea Mzee raundi ya tatu?"

Gaceri alitaka kusema ndio. Ilikuwa neno rahisi, na Phyllis alikuwa anaingoja. Lakini siku hiyo watu walikuwa wamedanganyana ya kutosha.

"Hapana," akasema.

Phyllis akatingisha kichwa, akachukua mfuko yake, akashuka ngazi. Kingori akamfuata, akigeuka geuka nyuma kama mtu amesahau kitu. Nanyuki wakaanza kukunja waya zao bila kelele, na hakuna hata mmoja wao alishangilia.

Gaceri akaanza kutafuta jaketi yake, na ilikuwa kwa kiti ya Mwai, Mwai ameikalia. Mwai alikuwa amegeuka, na kwa uso yake Gaceri aliona kwamba ile hapana hata yeye ameisikia, na amejua maana yake.

"Gaceri," akasema.

"Inuka," akamwambia. "Umekalia jaketi yangu."