Kwao Margareta

Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, hapa Buffalo, kila mlango una kibao cheupe cha kuandika na kufuta: jina la mzee na mahali alipozaliwa. Cha Koko Margareta, bibi Mseneka wa miaka themanini na mitatu, wa taifa la wenyeji wa asili wa Marekani, kilisema Salamanca. Kila tulipopita hapo alikitazama, akasonya.

Asubuhi moja nikimvalisha nilimuuliza kulikoni. Akaniambia amezaliwa Coldspring, kando ya mto Allegheny, kwenye ardhi ambayo taifa lake liliahidiwa kwa mkataba wenye sahihi ya rais wa kwanza wa nchi hii. Miaka ya sitini serikali ikajenga bwawa. Nyumba zikachomwa, makaburi yakafukuliwa, maji yakapanda. Salamanca ndiko walikohamishiwa.

Nilikasirika hadi vifungo vya gauni lake vikanishinda. Nikatoka, nikafuta Salamanca, nikaandika Coldspring.

Généreuse, mwenzangu wa zamu, mtu wa Bukavu, Kongo, aliniona. "Mama Cyubahiro, acha ile maneno," alisema, akiniita kwa jina la mwanangu wa kwanza. "Bon, bakikufukuza kazi, batoto batakula nini?"

Alisema kweli. Nina wanne, na baba yao hayupo.

Mchana msimamizi akaniita mlangoni pale. Hakufoka, afadhali angefoka. Alieleza kwamba kompyuta haiijui Coldspring, wakaguzi wanakuja Alhamisi, na kibao lazima kifanane na faili. Akaninyooshea kitambaa: nifute, au nisirudi kesho.

Kwetu ni Minembwe, milima ya juu ya Kivu Kusini, huko Kongo. Babu zangu wamezikwa huko. Lakini karani mmoja wa wakimbizi, kwa kusikia lugha yangu inayofanana na Kinyarwanda, aliniandika mzaliwa wa Rwanda, nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Hawakusema anayewakatalia wenzake kwao aitwe nani.

"Mimi pia niliandikiwa kwetu na mtu aliyekaa mezani," nilimwambia msimamizi. "Sifuti."

Akafuta mwenyewe, taratibu, kama anayepangusa meza. Nikaenda kuchukua koti langu.

Niliporudi kumuaga Koko, kiti chake cha magurudumu kilikuwa mlangoni. Mkononi alikuwa na kalamu nene ya kuandikia maboksi, ile isiyofutika, na alikuwa anamalizia neno Coldspring, herufi kubwa zilizopinda, si kwenye kibao bali kwenye mbao za mlango. Msimamizi alimwambia kwamba hairuhusiwi, kwamba kuna hatua zitakazochukuliwa.

"Mlishanihamisha," alisema Koko, bila kugeuka. "Sasa mtanihamishia wapi?"