Waliokuja na Mfumo

Jumatatu asubuhi Shangazi alikuwa amepiga magoti chini ya meza, anapuliza vumbi kwenye feni ya kompyuta, aliposikia mtu akikohoa kwa adabu nyuma yake. Akageuka. Mwanamume wa makamo alikuwa amesimama mlangoni, taulo begani, shavu moja limejaa povu la sabuni. Shavu la pili alikuwa amekwisha kulinyoa. Akasema neno katika lugha yake, bila shaka salamu, kisha akapita na kuketi kando ya kompyuta ambayo Shangazi ndiyo kwanza ameiwekea mfumo mpya.

Shangazi akaitikia, akarudi chini ya meza kumalizia vumbi.

Jina hilo alipewa kazini. Jengo zima la Idara ya Vizazi na Vifo lilimwita Shangazi, kuanzia mlinzi mpaka Mkurugenzi, ingawa hakuna hata mmoja aliyewahi kumtembelea kama shangazi anavyotembelewa. Mumewe alikuwa amefariki. Binti yake aliolewa mbali, na kila alipopiga simu alikuwa anakimbilia mahali pengine. Ofisi ya Shangazi ilikuwa chumba cha seva, zile kompyuta kubwa zinazotunza majina ya waliozaliwa na waliokufa. Hakikuwa na dirisha, na kwa ile baridi ya mashine alivaa sweta mwaka mzima. Kazi ya fundi wa kompyuta ni kama chumvi, ikiwemo haitajwi. "Shangazi, imegoma!" ndiyo salamu aliyoizoea. Akienda akaizindua, wenyewe wanageukia kazi zao kabla hajainuka. Ilipita hata wiki nzima bila mtu kumuuliza ameamkaje, na hilo lilimuuma kuliko alivyopenda kukiri.

Sasa serikali ilitaka kuchagua. Mfumo wa zamani, ule unaoiendesha kompyuta tangu inapowashwa, ulikuwa wa kununua, na kibali chake kilikaribia kuisha. Upande wa pili kulikuwa na mfumo huria, ambao yeyote anaruhusiwa kuuchukua, kuufungua na kuurekebisha bila kumpigia mtu magoti. Kamati ikaundwa, maana serikali haianzi jambo bila kamati. Shangazi akaagizwa aujaribu ule huria kwenye seva moja na kwenye kompyuta za mezani za masjala, ambazo zilihamishiwa kwake kwa muda, kisha kamati ije ione na kuamua.

Jambo ambalo maelekezo hayakulisema ni kwamba mfumo ule huja na watu wake. Kompyuta ikiwashwa, waliouunda wanafika. Ikizimwa, wanarudi walikotoka. Wale wa seva, kwa kuwa seva haizimwi, walipokezana zamu. Na kwa kuwa waliuunda majumbani mwao, baada ya kazi nyingine, bila ujira, walifika vilevile walivyokuwa. Mwanamke mmoja alifika na mtoto mchanga ananyonya. Mwingine alifika na mwiko. Jamaa mmoja mnene alikuja na mbwa, na mlinzi akamkatalia mbwa. Mzee mwembamba mwenye pajama na ndala alikwenda moja kwa moja kwenye printa, akaiinamia, akaipapasa kama mzazi aliyemkuta mwanawe amekonda shuleni. Huyo Shangazi alimwita Babu wa Ndala.

"Hawa wageni wa nani?" mlinzi aliuliza.

"Wa mfumo."

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," mlinzi akasema. "Wakae tu. Ila wasizibe mlango wa dharura."

Viti havikutosha. Bohari ilikataa kutoa vingine kwa sababu watu wenyewe hawakuwa watumishi, na asiye mtumishi hachoki kusimama. Shangazi akapanga maboksi ya karatasi ukutani, wakaketi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini hawa walikuja na majembe yao. Kitu kikikwama, aliyekitengeneza aliinuka, akasogea, akaonyesha kwa kidole pa kubonyeza. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Hata hivyo, asubuhi Shangazi alipoziwasha kompyuta, watu waliingia mmoja mmoja na kila mmoja akamsalimu kwa namna ya kwao, na yeye akawajibu wote kwa Kiswahili. Kwa pumzi za watu wengi vile, chumba kikapata joto. Shangazi akavua sweta, akalitundika msumarini, na mikono yake ikaonekana kazini kwa mara ya kwanza.

Printa ya idara ilikuwa na ugonjwa wa siku nyingi. Ilimeza mstari wa mwisho wa kila cheti cha kuzaliwa, na mstari huo ndio wenye jina la mama. Enzi za mfumo wa kununua, Shangazi alikuwa akipiga simu ya wauzaji, na wauzaji wakimpigia muziki. Sasa Babu wa Ndala aliketi naye mchana kutwa, akamfunulia matumbo ya mfumo ukurasa kwa ukurasa, hadi Shangazi mwenyewe akaliona kosa. Akalirekebisha kwa mkono wake, akayatuma marekebisho yake kule yanakokusanywa ili walimwengu wengine nao wayatumie. Jibu likaja kutoka kwa mtu asiyemjua: asante, yamepokelewa, yameingizwa. Shangazi aliisoma asante ile, akaifunga, akaifungua tena. Kisha akatoka kwenda kumwambia mlinzi.

"Hongera, Shangazi. Wamekuongeza mshahara?"

"Hata."

"Basi hongera kavu."

Kavu au mbichi, Shangazi alifurahi, na alirudi chumbani akiimba. Tangu siku ile alitaka jambo moja tu, kamati iuchague mfumo ule, watu wake wasiondoke.

Kamati ikaja. Mkurugenzi alitangulia, mwanasheria wa idara akafuata na faili lake. Mkurugenzi akauliza kama mfumo unafanya kazi. Unafanya. Kama ni mzito. Si mzito. Akachukua cheti kilichotoka kwenye printa, akaliona jina la mama mahali pake, akaitikia kwa kichwa.

"Mimi nina swali moja," mwanasheria akasema. "Siku mambo yakiharibika, tunamwita nani?"

"Hawa hapa," Shangazi akasema, akiwaonyesha.

Mwanasheria akashusha miwani puani, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Mwenye mtoto akamsalimu.

"Wameajiriwa na nani?"

"Hawajaajiriwa, mheshimiwa. Wanajitolea."

"Tuna mkataba nao?"

"Hatuna. Lakini wanakuja. Hata leo wamekuja."

"Wana anwani? Wana muhuri?"

Shangazi akamtazama Babu wa Ndala. Babu, aliyeona anatakiwa kutoa kitu, akapekua mifuko ya pajama, akatoa kitambaa cha kufutia miwani, akamkabidhi mwanasheria. Mwanasheria akafutia miwani yake, akamrudishia.

"Wale wa kununua wana simu," Mkurugenzi akasema.

"Ina muziki, mzee. Nimeipiga miaka yote hii, hajawahi kupokea mtu."

"Lakini simu ipo," mwanasheria akasema. "Rahisi ghali, Shangazi. Hapa mimi naona hakuna mtu."

Chumba kilikuwa kimejaa pomoni. Ili atoke, mwanasheria alilazimika kuomba njia: samahani kwa mwenye povu, samahani kwa mwenye mwiko, samahani mama, na mtoto akamng'ang'ania tai mpaka mamaye akambandua vidole. Alipofika koridoni akaandika kwamba hapakuwa na mtu.

Uamuzi Shangazi aliusikia kwenye ngazi, yeye akipanda, Mkurugenzi akishuka.

"Usilitie moyoni," Mkurugenzi akamwambia. "Mfumo ni mfumo tu. Ufute leo."

Akaufuta. Kila kompyuta ilipokuwa tupu, watu wake waliinuka, wakajikung'uta, wakatoka. Hawakukasirika. Ilionekana wameshafukuzwa kwingi. Mwenye mtoto alimpa Shangazi mtoto ambebe wakati yeye akitafuta soksi iliyopotea chini ya maboksi, na Shangazi akaomba moyoni isionekane upesi. Ikaonekana. Mwenye povu akaondoka na shavu lake moja. Wa mwisho alikuwa Babu wa Ndala, ambaye alianza kwanza kuyapanga maboksi yale, kubwa chini, dogo juu.

"Babu," Shangazi akasema, "ukienda, nitabaki peke yangu humu."

Babu akamjibu, na jibu lake lilikuwa refu, la upole, lenye mahali pa kucheka katikati. Shangazi hakuelewa hata neno. Alilia kidogo, akabonyeza.

Mfumo wa kununua uliingia, haukuja na mtu. Baridi ikarudi chumbani, na sweta likarudi mwilini. Printa ikaanza tena kumeza mstari wa mwisho, hivyo watoto waliozaliwa mwaka ule wakawa na baba, tarehe na muhuri, bila mama. Akina mama walisimama dirishani, watoto mgongoni, wakasema mama si ndiye huyu hapa, unamwona. Karani akawaambia anawaona vizuri, ila kwenye karatasi hawamo. Shangazi alipelekewa malalamiko, akapiga simu ya wauzaji. Siku hizi muziki ule aliujua hadi mwisho.

Jioni moja alikuwa jikoni kwake. Alikuwa amebandika maji, ameketi kwenye stuli na bakuli la viazi mapajani, kisu mkononi, kilemba kimelegea. Mara akawa ameketi katika chumba kingine, chenye asubuhi dirishani na mvua ya rasharasha. Ilikuwa ofisi. Printa ilikuwa ikitoa karatasi, na kila karatasi ilikuwa na mstari wake wa mwisho. Marekebisho yake yalikuwa yamefika huko, naye amefuatana nayo. Ukutani kulikuwa na benchi lililojaa watu, na Babu wa Ndala alikuwa pale, amejibana upande mmoja kumwachia nafasi. Shangazi akasogea, wakaketi bega kwa bega. Alikuwa na mengi ya kumwambia, akamwambia yote, na Babu akatikisa kichwa pale alipodhani pana huzuni.

Fundi wa ofisi ile alikuwa dada mmoja mwembamba aliyevaa koti humo ndani. Alimletea Shangazi kikombe cha maji ya moto, akasimama mbele yake akimtazama tu, akitabasamu, kama mtu ambaye hajatembelewa siku nyingi. Shangazi akamwambia, "Nimekuja, mwanangu." Ndipo mlango ukafunguka, wakaingia waheshimiwa na mafaili yao. Mmoja akauliza jambo. Yule dada akageuka na kulionyesha benchi. Mheshimiwa akamtazama Shangazi, kuanzia kilemba hadi kisu, kwa makini na bila dharau yoyote, kisha akamjibu dada kwa maneno machache.

Shangazi hakujua lugha ile, ila alielewa kwamba ameambiwa hayupo. Akaendelea kumenya kiazi chake, upesi upesi, kwa sababu maji alikwisha kuyabandika, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuyaepua.