Meneja Aliyejua Kulia

Mwalimu wa fasihi katika chuo cha mameneja alikuwa roho juu wiki nzima. Mkuu wa chuo alitaka kulifuta somo lake, akidai tamthilia haziendeshi kiwanda. Mwalimu akamwomba mwanafunzi wake wa zamani, sasa meneja wa kiwanda cha nguo, aje amtetee.

Meneja alikuja, tena hakuzunguka mbuyu.

"Mkuu, nilifunga kitengo cha ushonaji bila hata jiwe kurushwa. Darasa la mwalimu lilinifunza kumsoma mtu. Nilimwita kwanza mama mmoja ambaye wenzake wote humsikiliza. Nikamshika mkono, nikalia. Alipokubali kuondoka kwa amani, wengine wakamfuata."

Mkuu akapiga meza kwa furaha. "Basi somo linabaki!"

Mwalimu alishukuru. Akamsindikiza meneja hadi kwenye gari.

"Mwanangu, ulilia kweli?"

Meneja akacheka. "Mwalimu nawe! Si wewe uliyenipa alama za juu kwa kuigiza?"

"Na yule mama, siku hizi anaishi vipi?"

Kicheko kikamkatika. "Sijui, mwalimu. Kusema kweli, sijawahi kuuliza."

Gari likaondoka. Mwalimu alirudi darasani, akawakuta wanafunzi wamesogeza madawati ukutani, tayari kwa onyesho. Akawaambia waketi kwanza, kuna jambo anataka kuwaeleza. Wakaketi, wakamtazama. Akasimama mbele yao, akaanza kuwasimulia habari za mwanafunzi aliyepata alama za juu kwa kuigiza, na za mama ambaye hakuwahi kuuliza anaishi vipi.