Jino la Kumi na Tatu

Mlango wa maji ulikwama Jumanne asubuhi, na kosa lilikuwa langu. Watu wa mtaa walimlaumu mzee anayeuzungusha, wakasema anaukaza kama mtu anayekamua nguo, nami nikanyamaza. Nalisema hili mwanzoni ili lisije likanikwama kooni baadaye.

Mlango wenyewe ni bamba la chuma pana kama kitanda, limesimamishwa kati ya mto na kinamasi kilicho nyuma ya nyumba zetu. Ukiinuliwa, maji ya mto yanaingia kwenye matete. Ukishushwa, yanabaki mtoni. Unaendeshwa na gia mbili. Ndogo inazungushwa kwa mkono, inaisukuma kubwa yenye meno arobaini na manane, na hiyo kubwa inavuta mnyororo. Gia ndogo niliichonga mimi miaka sita iliyopita. Jumanne hiyo jino lake moja lilikatika, mlango ukaanguka puu, na haukuinuka tena.

Mimi kinamasi kile nilikiita shamba la mbu. Nilikuwa na karakana yangu, jiliwa langu la kubania vyuma, tupa kumi na nane zimepangwa ukutani, na sikuona chuma kinahusiana vipi na matope. Mtu wa matope alikuwa dada yangu mkubwa. Anasuka majamvi na makapu ya matete katika chumba kinachopakana na karakana, na kwa matete hayo alinilisha tangu nilipoacha shule nikiwa darasa la tano. Ananiita Tupa. Anasema nikimpitia mtu lazima nimtoe unga.

Alhamisi alikuja mhandisi wa ofisi ya maji, mwanamke kijana mwenye viatu vya mpira vilivyofika magotini. Alikagua mlango, akapanda ukingoni, akayaangalia matete kwa muda, kisha akatueleza tuliokuwepo bila kuzunguka. Waliotengeneza mtambo ule walishafunga kiwanda zamani, na ofisi haina gia ya akiba. Mvua zinakaribia. Mlango usiotii mkono wa mtu ni hatari kuliko ukuta, hivyo kama gia haitapatikana hadi Jumamosi ya wiki ijayo, watauziba kwa zege. Yeye mwenyewe hakupenda. Alisema mto ukijaa, maji lazima yapate pa kulala, na yakikosa kinamasi yatakuja kulala vyumbani mwetu. Akasema pia kwamba visima vyetu vinakunywa kutoka palepale. Mtu mmoja aliguna kwa kejeli kuhusu visima. Mtu huyo ni mimi.

Dada alikuwa amesimama na mundu wake mkononi. Aliuliza kama zege likishamwagwa linaweza kutolewa.

"Linatolewa, mama," mhandisi akamjibu, "ila sijawahi kuiona ofisi ikilitoa."

Nilipewa gia iliyovunjika. Niliifunga kwenye jiliwa nikaiosha grisi kwa mafuta ya taa. Meno kumi na moja yalikuwa mazima, karibu kama nilivyoyaacha. La kumi na mbili lilikuwa pengo. Hapo nikapatwa na mashaka, maana chuma kikichoka huchoka chote. Hakichagui jino moja kikalionea.

Ijumaa asubuhi nikaenda mlangoni na chaki. Kwenye gia kubwa nilikuta jino moja limepondeka, pengine kwa jiwe, zamani sana. Nikafungua mnyororo, nikairudisha ile ndogo kwenye ekseli yake, nikalielekeza pengo kwenye jino lile, nikatia chaki hapo, nikazungusha polepole. Kubwa ilipomaliza mzunguko mmoja, ndogo ilikuwa imemaliza minne kamili, na jino lililopondeka likafika tena kwenye pengo. Nikazungusha tena. Palepale. Mara ya tatu sikuwa na haja ya kuangalia. Kumi na mbili inaingia katika arobaini na nane mara nne bila kubaki kitu. Kwa hiyo kwa miaka sita yule mbovu alikuwa akimpiga jirani mmoja tu, kila siku, wale kumi na mmoja wakila raha.

Na gia ya kwanza, ile ya kiwandani, ilikuwa na meno kumi na matatu, namba isiyoingia katika arobaini na nane bila kubaki kitu.

Nilijua. Ililetwa kwangu kwenye ndoo, imeliwa na kutu, vipande vingine vimepotelea matopeni. Mzee wa mlango aliniambia meno ni kumi na matatu, kwani alikuwa ameyapaka grisi kwa kidole, moja moja, miaka mingi. Nikamjibu kwamba kazi yake ni kupaka, si kuhesabu. Ukweli ni kuwa sikujua kugawa duara mara kumi na tatu. Bikari inakupa sita bila taabu: ukiiacha ilivyo, ile nafasi uliyochorea duara inatembea ukingoni hatua sita na kurudi ilipoanzia. Kila hatua ukiikata katikati, unapata kumi na mbili. Kuendelea zaidi ya hapo kunataka hesabu za nyuzi za pembe, na nyuzi walifundishwa waliofika darasa la sita. Basi nilichonga meno kumi na mawili. Gia ikatoka ndogo kidogo, nikaisogeza ekseli ndani kwa kipande cha bati, mlango ukafunguka, watu wakanipa mkono.

Ningeweza kurudia vilevile. Kazi ya siku tatu, ingedumu miaka sita mingine, na nani angejua? Nilijishughulisha na mambo mengine mwisho wa wiki, Jumatatu nikakata bamba jipya na kulichora duara. Nilikuwa nimetia alama nne kati ya zile sita niliposikia ndoo uani.

Ndoo ya kisima chetu ina mlio wake. Ikigusa maji inatoa sauti ya mtu aliyekatizwa maneno. Siku ile iliishia hewani, kamba imekwisha. Nilichungulia dirishani nikamwona Dada akiunga kipande kingine cha kamba, akalikaza fundo kwa meno, akashusha tena. Alichopandisha kilikuwa nusu ndoo, rangi ya kutu. Hakuniita. Aliibeba hadi karakana, akaitua karibu na mguu wangu.

"Shamba la mbu hilo," akasema.

Nikaweka bikari chini, nikamsimulia yote: jino lililopondeka, chaki, ndoo ya vipande vyenye kutu, na maneno niliyomwambia mzee. Alisikiliza huku akijifuta mikono kwenye kanga.

"Kwa hiyo mzee wa watu anasemwa wiki nzima kwa sababu ya bikari yako."

"Ndiyo."

"Na hapa unachonga kumi na mawili mengine."

"Ndiyo ninayoyaweza, Dada."

"Jino la pembe si dawa ya pengo, Tupa." Kisha akacheka, maana hawezi kunikasirikia kwa muda mrefu, hata anapojitahidi. "Kumi na tatu inakushinda nini? Mimi naishika kila siku."

Alikwenda chumbani kwake akarudi na kapu alilolianza, limesimama mbavu tupu kama kuku aliyenyonyolewa. Akaniambia nihesabu. Mbavu zilikuwa kumi na tatu. Akanieleza kwamba kapu la utepe mmoja halisukwi kwa mbavu za shufwa. Utepe unapita juu ya ubavu mmoja na chini ya unaofuata. Mbavu zikiwa kumi na mbili, mzunguko wa pili utapita juu ya zilezile ulizopita juu mara ya kwanza, na wa tatu vivyo hivyo, na kapu halishikani. Zikiwa witiri, kila mzunguko unahama ubavu mmoja, na zote zinabeba kwa zamu. Miaka yote nilikuwa nabebea tupa zangu kwenye kapu lake, na sikuwahi kuuliza limeshikwa na nini.

Nikamwambia sawa, lakini mbavu anazipanga kwa macho. Chuma hakitaki macho, kinataka vipande sawasawa.

"Lete hicho chuma," akasema.

Lile duara la kwanza tukaliacha, kwa kuwa meno kumi na matatu yanataka gia kubwa zaidi. Nikaenda mlangoni, nikatoa bati kwenye fremu ili ekseli irudi mahali pake pa zamani, nikapima, nikakata duara kubwa zaidi, nikalisawazisha ukingo kwenye mashine ya kukerezea. Dada akachana utepe wa tete, akauzungusha ukingoni, akaukata pale ncha mbili zilipobusiana. Kisha akatandika jamvi sakafuni. Mistari ya jamvi lake imelala sambamba, upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Akiona mmoja umenenepa anafumua lote, hata kama limebaki kidogo kwisha. Akaweka ncha moja ya utepe kwenye ukingo wa kuanzia wa mstari wa kwanza, akaulaza mshazari, akawa anausogeza kichwa mpaka ncha ya pili ikakalia ukingo wa mwisho wa mstari wa kumi na tatu.

"Haya. Kila ukingo unapoukata utepe, tia kucha."

Nikatia msumari, kucha zangu zimeshakufa. Tukauvua utepe tukaurudisha kwenye chuma. Nilipima nafasi ya kwanza kwa bikari, nikaitembeza ukingoni pote, nikiomba ikosee mahali ili nibaki na heshima kidogo. Haikukosea. Hatua ya kumi na tatu ilitua juu ya alama ya kuanzia.

"Umejifunza wapi?" nikamuuliza.

"Wateja wanataka makapu ya kila ukubwa na hawataki maelezo."

Sikuwahi kuchonga gia kwa furaha kama ile. Nilitoboa mashimo kumi na matatu penye mizizi ya meno, nikakata kwa msumeno hadi kwenye mashimo, kisha nikakaa na tupa siku nne. Jino la gia halinyooki kama jino la msumeno. Mashavu yake yamevimba kidogo, ili likutane na mwenzake kwa kubingirika, si kwa kukwaruza. Nilitengeneza kiolezo cha bati kutoka kwenye meno ya gia kubwa, nikapima kila shavu. Dada alikuwa akisuka upande wa pili wa ukuta, na ikawa nikisimama kupumzika, naye anagonga ukuta kuuliza kama nimekufa.

Jumamosi mhandisi alifika na gari lenye mifuko ya saruji nyuma. Watu walikuwa wengi ukingoni, na ndoo zao, kwa kuwa kufikia siku hiyo kila ua ulikuwa umeunga kamba ya kisima. Mzee wa mlango alisimama pembeni, mikono mfukoni. Hakuna aliyemwita.

Nilifunga gia, nikarudisha mnyororo. Kabla ya kumpa mtu yeyote mkono wa kuzungushia, nikasema mbele yao kwamba mzee hakukaza chochote kupita kiasi. Aliniambia meno kumi na matatu, nikamdharau, nikachonga kumi na mawili kwa sababu sikujua njia nyingine, na jino likavunjika kwa ajili hiyo. Nilisema haraka, kama mtu anayekunywa dawa chungu.

Mzee akanisogelea. Akaiinamia gia mpya, akapitisha kidole jino moja moja, midomo ikitembea.

"Kumi na matatu," akasema.

"Kumi na matatu, mzee."

"Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Basi nishikie koti."

Nikamshikia. Akashika mkono wa chuma akazungusha. Kwa miaka sita mlango ule ulikuwa ukigonga, ko, kila baada ya muda, na sote tulidhani ni tabia yake ya uzeeni. Safari hii jino lililopondeka likipita lilitoa mguno mdogo tu, kila mara kwa jirani mwingine. Bamba likainuka kiganja, likainuka dhiraa. Maji yakaingia chini yake, kwanza kama ulimi, halafu yote kwa pamoja, na matete ya mbele yakainama kuyapisha. Mhandisi alimwomba mzee afunge, afungue tena, afunge. Mlango ukatii. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akapanda gari, na saruji ikarudi ilikotoka.

Watu walitaka kunipa mkono. Nikawaelekeza kwa dada yangu, naye akawaambia wasimguse, ana tope.

Fundo la kamba ya kisima chetu tulilifungua siku tisa baadaye. Mzee bado anapitia karakana baada ya kupaka grisi, anakaa kwenye kigoda na kuniambia meno yote yapo, kama daktari. Ile gia yangu ya meno kumi na mawili imo ndani ya beseni la Dada, inakandamiza matete yaliyolowekwa yasielee. Anasema hatimaye imepata kazi inayoiweza.