Koleo la Musyoka

Musyoka alikuwa na ugonjwa wa mafundi wote waliopata kusifiwa: hakuweza kukaa na chombo chake bila kukizungumzia. Miaka aliyotengeneza breki za mabehewa ya reli ndiyo iliyomfundisha, alisema, kuwa chuma kikibanwa vizuri hakitelezi. Alipostaafu, badala ya kurudi kwao Mwala akalime, alibaki Tudor, Mombasa, akaunda koleo la kushikia watu wanaofanya kazi gengeni, kwenye mwamba uliosimama wima juu ya bahari. Waya wa chuma hufungwa juu ya genge na chini yake, ukakazwa. Koleo hupanda na kushuka kwenye waya huo, na mwashi amefungwa nalo kwa mikanda ya kifuani na mapajani. Akishuka polepole, koleo humfuata. Akiteleza, uzito wake mwenyewe huvuta meno, meno yakauma waya, naye akabaki pale pale.

Watu walimcheka, kisha wakanyamaza. Nyumba zilizojengwa ukingoni huliwa na mvua kila mwaka, na hakuna mwashi mwenye akili zake aliyetaka kuning'inia pale kwa kamba ya katani na dua ili ajenge ukuta wa kuzuia udongo. Mwashi Charo alikubali kazi hiyo kwa sababu ya koleo. Mkewe, Kache, hakukubali hivi hivi. Alikuja siku ya kwanza, leso kiunoni, akamtazama Musyoka kuanzia juu mpaka chini.

"Baba, hiki chuma chako kitamshika mume wangu?"

"Kitamshika."

"Niapie."

Musyoka akaapa. Tena akajifunga mwenyewe, mzee mzima na kitambi chake, akajirusha gengeni mbele ya mke wa mtu. Koleo likauma. Akaning'inia huku akicheka mpaka machozi yakamtoka, na Kache akashindwa kujizuia, akacheka pia, akaenda zake.

Mwanzoni koleo lilikuwa na kishikio cha kufungulia. Siku moja Charo aliteleza, na kwa hofu akakamata kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kishikio hicho. Koleo likaachia, akateremka na waya mpaka goti likagonga jiwe. Jambo hilo lilimkera Musyoka kupita kiasi. Mtu anayeanguka hushika chochote, alisema, basi hicho chochote kisiwepo. Akakikata kishikio kwa msumeno. Tangu hapo koleo lilifunguka kwa njia moja tu: mtu akanyage mahali, uzito utoke kwenye mikanda, meno yaachie. Charo mwenyewe alisifu, akasema mzee ana kichwa.

Siku ya balaa, mvua ilikuwa imekatika alfajiri. Musyoka aligonga mwamba kwa nyundo hapa na pale, ukalia vizuri, akasema kazi iendelee. Charo alikuwa ameshuka hadi pale genge linapoingia ndani, chini ya mdomo wa mwamba, mdomo wenyewe ulipomeguka. Jiwe lilimpiga begani likaenda zake chini. Koleo likauma kwa mlio uliosikika barabarani.

Na kweli isemwe: kitu cha kwanza kilichomwingia Musyoka moyoni kilikuwa furaha. "Limeshika!" alipiga kelele, mikono juu. "Mmeona? Limeshika!"

Sauti ya Charo ikatoka chini, ndogo. "Mzee, miguu haigusi."

Alikuwa hewani, mwamba uko mbali naye, mkono mmoja haufanyi kazi. Vibarua walimteremshia kamba. Aliikamata kwa mkono mzima, akashindwa kujifunga. Musyoka akajifunga kamba kiunoni ashuke mwenyewe. Hatua ya pili tu, mawe yakaporomoka yakapita sikioni mwa Charo.

"Rudi, mzee! Utaniua!"

Akarudi. Waokoaji walipofika, nao wakakanyaga ukingo, nao wakaangusha mawe, na mkubwa wao akawarudisha nyuma wote. Mtu huyu, alisema, atachukuliwa kutoka majini. Lakini maji yalikuwa yametoka, na chini palikuwa na mawe makali na tope, hata mtumbwi haukaribii.

Hapo Musyoka akapata wazo. Juma lililopita aliona kwa macho yake maji yakijaa mpaka yakalifunika jiwe jeupe la ubavuni mwa genge, pale pale ilipokuwa miguu ya Charo sasa. Maji yakija yatambeba, uzito utatoka, koleo litaachia lenyewe.

"Charo! Maji yameanza kujaa! Yakifika hapo ulipo yatakubeba. Vumilia tu!"

"Kweli, mzee?"

"Kweli kabisa."

Charo akaamini. Kwao ni Ganze, maji wanayoyajua ni ya bwawa. Kache alipofika mbio, Musyoka akamweleza hivyo hivyo, naye akaketi chini kungoja bahari. Alimwita mumewe mara kwa mara, akamsimulia habari za watoto. Charo alijibu, kisha akaanza kuchelewa kujibu, kisha akasema mikanda ya mapajani inamkata damu, haisikii miguu yake.

Maji yalipofunika mawe, Kingi mvuvi akaja na mtumbwi wake. Alimtazama Charo, akalitazama jiwe jeupe.

"Mwangoja nini?"

"Twangoja maji yamfikie," Musyoka akajibu kutoka juu.

Kingi akapaza sauti. "Mzee, yale ya juma lililopita yalikuwa bamvua, maji makubwa. Leo maji mafu, hayapandi. Yataishia hapa hapa yalipo, yakizidi ni shibiri. Kwani mwezi hukuutazama?"

Musyoka hakuutazama. Umri wote huo Mombasa, na alijua kila gari moshi huingia saa ngapi, lakini bahari kwake ilikuwa kitu cha kujaa na kupwa, basi. Hakuna aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyedhani kuna mtu asiyejua. Aliona haya mpaka shingo ikamwaka moto. Na Charo alikuwa amesikia kila neno.

Kingi alisimama mtumbwini, akaweka upondo, ule mti wa kusukumia chombo, chini ya nyayo za Charo. "Kanyaga, ndugu yangu! Jiinue!" Miguu iliteleza ikaning'inia tena. Akajaribu, akajaribu, mtumbwi ukitaka kupinduka, na mikanda ya kukata iko juu asikofika. Mwishowe akaondoka kwa haraka kwenda kutafuta mashua kubwa, ngazi na wanaume wawili.

Musyoka akabaki ukingoni na sanduku lake la vifaa. Kila chombo kilikuwamo, na hakuna hata kimoja kilichofaa. Chini kabisa akakuta kile kishikio alichokikata. Akakitoa, akakishika mkononi kama mjinga.

"Mzee," Charo alisema, "nifungulie."

"Nakuja, mwanangu."

Hakuwa akienda popote.

"Nifungulie, mzee."

"Nakuja."

Baadaye ni Musyoka peke yake aliyekuwa akisema, "Nakuja, nakuja," na hakuna aliyemjibu kutoka chini.

Mashua ilifika. Wanaume wawili wakapanda ngazi, wakamweka Charo mabegani, wakamwinua kidogo tu. Koleo likaachia papo hapo, bila shida yoyote, kama lilivyoundwa. Kingi akamgusa shingo. Akainua uso kuwatazama waliokuwa juu, akatikisa kichwa.

Kache hakupiga yowe. Alisimama, akafunga leso yake upya, akamwendea Musyoka.

"Baba."

"Naam."

"Uliniapia kitamshika."

"Niliapa, mama."

"Kimemshika," alisema Kache, akashika njia ya kuteremkia majini kumpokea mumewe.