Maji ya Mzee wa Juu

Mama Vifungo hakuwa na mtoto aitwaye Vifungo. Jina hilo alipewa kwenye karakana ya kushona sare, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja tu: kupiga matundu na kushona vifungo. Shati lilipita mikononi mwa watu saba kabla ya kumfikia yeye. Jioni alirudi kwenye makazi yake ya chini katika jengo la ghorofa, chumba na jiko, akafunga mlango, na maneno ya siku hiyo yakawa yamekwisha. Binti yake wa pekee aliolewa mbali. Alipiga simu kila Jumapili, dakika tano au sita, huku watoto wakimvuta nguo.

Doa lilitokea ukutani nyuma ya kitanda. Mwanzoni lilikuwa kama kiganja, na Mama Vifungo akalifuta kwa kitambaa chenye siki. Baada ya wiki mbili lilikuwa kubwa kama mlango, limeota ukungu mweusi, na plasta ikaanza kudondoka madonge madonge. Nguo za kabatini zikanuka. Kifua kikaanza kumbana. Akasogeza kitanda katikati ya chumba, mbali na kuta zote, akawa analala pale kama mgeni aliyetandikiwa kwa dharura.

Karakanani kila aliyesikia alikuwa na methali ile ile: usipoziba ufa utajenga ukuta. Akaitikia, ndiyo, ndiyo. Hakuna aliyemwambia ufa wa nyumba ya kupanga huzibwa na nani.

Msimamizi wa nyumba alikuja baada ya kupigiwa simu mara nne. Alisimama mlangoni, viatu vyake viking'aa, wala hakuingia.

"Hizi ni pumzi, mama," akasema.

"Pumzi?"

"Pumzi zako. Unapika, unapumua, madirisha umefunga. Mvuke unakwenda kukaa ukutani. Fungua madirisha."

"Pumzi za mtu mmoja?"

"Hata mmoja anatosha." Akaenda zake.

Mama Vifungo alicheka peke yake. Kwa siku nne aliacha madirisha wazi. Akajikuta anapumua kidogo kidogo kila anapougeukia ule ukuta, kama mtu anayeomba radhi kwa kuwapo. Siku ya tano alijikasirikia.

Mshona kola, aliyekaa naye meza moja, ndiye aliyemwelekeza ofisi ya ushauri wa makazi, kwenye jengo la halmashauri, ghorofa ya kwanza. Akaomba ruhusa ya nusu siku. Alikaa kwenye benchi na watu wenye mapaa yanayovuja na milango isiyofungika, hadi akaitwa na karani mmoja, mwanamke wa makamo aliyening'iniza miwani kwa kamba shingoni.

"Haya, dada yangu. Nyumba imekufanya nini?"

Swali lile lilimfungua. Alieleza doa, kikohozi, msimamizi na pumzi zake, akapitiliza akaeleza na habari za binti yake na simu za Jumapili. Karani hakumkatiza. Alipomaliza akamwambia aandike barua kwa mwenye nyumba na kubaki na nakala, apige picha na kuandika tarehe. "Ukipiga simu watasema hawakusikia. Barua haina masikio ya kuziba," akasema. "Sasa niambie, doa lilianzia juu au chini?"

"Juu. Kisha likashuka."

"Hapo pana bomba, dada, achana na habari za pumzi. Nani anakaa juu yako?"

Mama Vifungo alikuwa amekaa pale miaka kumi na moja. Alijua jinsi mtu yule anavyoburuta kiti mchana na anavyokohoa asubuhi. Walipishana ngazini labda mara tatu.

"Mzee mmoja," akasema.

"Mzee gani?"

"Sijui."

Karani hakucheka. Alichukua kikaratasi akaandika: *Muulize jirani wa juu.* "Anza na hilo," akasema.

Barua aliiandika Ijumaa bila shida. Kubisha hodi ndiko kulikomshinda hadi Jumamosi mchana, alipokuwa amefua, amepiga deki, amepanga sahani zilizokwisha kupangwa, na hakuna kisingizio kilichobaki. Akapanda ngazi. Akabisha mara tatu.

"Nani?"

"Jirani. Wa chini."

Mlango ukafunguka upenyo tu. Mzee mrefu, mikono ya sweta imelowa hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekupigia kelele?"

"Hapana, baba. Nina maji ukutani kwangu."

Uso wa mzee ukamshuka. Akaegemea fremu ya mlango. "Yanafika kwako?" akauliza polepole. "Nilidhani nayadaka yote."

Akamwonyesha. Chini ya sinki la bafuni, pale bomba lilipoingia ukutani, palifungwa matambara na vipande vya mpira, na chini yake beseni. Kwa miezi mitano mzee yule alikuwa akimwaga beseni kila baada ya saa mbili. Hakwenda ibadani wala kumtembelea mtu. Hata kwa fundi wa viatu alikwenda mbio akarudi mbio.

"Kwa nini hukumwambia mwenye nyumba?"

"Hapa ni kwangu. Nilinunua tulipokuwa wawili." Akatabasamu kidogo. "Wewe mpangaji unaye wa kumlaumu. Mimi nikimtafuta mwenye nyumba namkuta kwenye kioo."

Mafundi wawili walikwisha kuja. Wa kwanza alitazama, akaaga, akapotelea huko huko. Wa pili alitaka kuvunja sakafu nzima. Na kulikuwa na mwanawe. Akisikia, mzee alisema, atadai baba ameshindwa kuishi peke yake.

"Mficha uchi hazai, baba."

"Mimi nilikwisha kuzaa, mwanangu. Ndiyo maana naficha."

Wakacheka wote wawili, wamesimama juu ya beseni, na Mama Vifungo akashangaa jinsi sauti yake ilivyojaa bafu lile.

Jumatatu alirudi ofisini na shida mbili badala ya moja. Karani akatoa fomu nyingine, ya wazee wanaoishi kwenye nyumba zao wenyewe: halmashauri humtuma mkaguzi, kisha fundi inayemwamini. Mama Vifungo aliijaza mwenyewe jioni ile mezani kwa mzee, maana mkono wa mzee ulitetemeka. Umri. Kazi ya zamani: mpima ardhi. Ndugu wa karibu wa kujulishwa, na namba yake ya simu. "Ni yule mwanangu tu," mzee akasema. Kisha akaitaja namba, naye akaiandika kwa mwandiko safi.

Mkaguzi alikuja, akaandika ripoti yenye muhuri. Msimamizi alipoona muhuri akapiga simu mwenyewe, sauti imelainika, wala pumzi hakuzitaja tena. Fundi bomba, mwanamke mwenye mabega mapana, akavunja ukuta wa bafu na robo ya sakafu. Kwa siku tatu juu hapakukalika. Mama Vifungo akachukua likizo yake, na mzee akashuka kukaa kwake, kwenye kiti chake pekee, yeye akakaa kitandani.

Ilikuwa kazi kumzoesha. Kila baada ya saa mbili mzee alishtuka, akainuka nusu.

"Kaa, baba. Beseni halipo."

"Kweli. Halipo." Akaketi.

Alimweleza jinsi alivyopima viwanja vya watu maisha yake yote, na jinsi mkewe alivyochagua nyumba ile kwa sababu ya mwanga wa asubuhi tu. Siku ya pili akasema, "Wewe huimba ukifua."

"Mimi?"

"Jumamosi. Ubeti wa pili huwa unausahau, unarudia wa kwanza."

Mama Vifungo aligeukia jiko, akajishughulisha na sufuria. Miaka kumi na moja alidhani hakuna anayemsikia.

Siku ya tatu mwana wa mzee akaja. Ofisi ilimpigia, kama fomu ilivyotaka. Hakuwa mtu mbaya. Alitazama sakafu iliyovunjwa, akatazama mikono ya baba yake iliyochubuka kwa maji, machozi yakamlengalenga. "Asante sana, mama, kwa kutujulisha," alimwambia Mama Vifungo, na shukrani ile ikamchoma kuliko tusi. Kabla ya jioni masanduku mawili ya mzee yalikuwa garini mwa mwanawe.

"Mimi ndiye niliyeandika ile namba," akamwambia mzee mlangoni.

"Mimi ndiye niliyeitaja," mzee akajibu. Akampa mkono, akashuka.

Ukuta ulikauka. Msimamizi alileta mtu akapiga plasta mpya na rangi nyeupe, na kifua cha Mama Vifungo kikafunguka. Sasa alilala vizuri, na usingizi mzuri haukumsaidia kitu, maana juu hakuna aliyeburuta kiti tena. Binti yake alipompigia, alimwambia nyumba imepona. "Afadhali, mama," binti akasema, kisha mtoto akalia, simu ikakatika.

Alivumilia wiki tano. Ya sita alikwenda kwa karani akaomba anwani ya mwana wa mzee, akaambiwa haitolewi. Karani akamtazama, akavua miwani. "Ila namba uliiandika wewe mwenyewe," akasema.

Tarakimu zilikuwa bado kichwani; akapiga, na mwana wa mzee akamwelekeza vizuri. Nyumba ilikuwa kubwa, imejaa watoto na televisheni. Mzee alikuwa uani, kwenye kiti cha plastiki, peke yake, amevaa sweta safi. Mke wa mwanawe aliyefungua geti alimtazama Mama Vifungo kuanzia kichwani hadi miguuni, bila ubaya.

"Karibu. Wewe ni nani wake?"

Mama Vifungo alitafuta neno. Binti hakuwa, dada hakuwa.

"Jirani yake."

"Lakini baba hakai tena kule."

"Najua," akasema. Akachukua kiti cha pili, akakisogeza karibu na mzee, akaketi.