Mbegu Alizozitema Chiriku

Mwalimu wa chekechea alikuwa mtu wa mpangilio. Brashi zake zilisimama koponi kwa kufuata kimo, mikasi yote ilielekea upande mmoja, na hakuna mtoto aliyegusa gundi kabla ya kukunja mikono ya shati. Hata hivyo, asubuhi ya maonyesho, alipoyakuta matikiti ya karatasi ya watoto wake yamefanana ukutani kama askari wa gwaride, damu ilimchemka.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi, ya kuwachangamsha wadogo kabla ya likizo ya msimu wa joto: unakata sahani ya karatasi nusu, unapaka nyekundu katikati na kijani ukingoni, unaibandika kwenye karatasi nyeupe, kisha unagandisha mbegu za kweli zilizokaushwa dirishani. Chiriku, binti aliyepewa jina hilo kwa kutofunga mdomo, alikuwa amelimega tikiti lake pembeni na kutawanya mbegu zote nje, kwenye karatasi nyeupe.

"Mbona nje, mama?" mwalimu alimuuliza siku ile.

"Si nimeshakula? Hizo nimezitema. Ile ya mbali kabisa ni ya bibi. Nyumbani hunishinda kutema mbali kila siku, halafu ananicheka!"

Sasa mbegu zake zilikuwa ndani, zimejipanga mistari. Pale alipomega pamezibwa kwa kiraka chekundu.

"Umeona nilivyokusaidia?" Mwalimu mkuu alisimama mlangoni, rula mkononi. "Jana mlipoondoka niliyanyoosha yote. Wageni wasije wakasema tunafuga kuku humu."

"Mkuu, haya si ya watoto tena."

"Majina yao si yapo?"

"Majina yapo. Kazi zao ndizo hazipo."

"Usinikuzie jambo, mwalimu. Watoto wadogo hivi wanajua nini?"

Mwalimu alitaka kujibu, lakini wazazi walikuwa wameshaanza kuingia. Chiriku alikuja mbele, akimkokota bibi yake.

"Hakuna kukuonyesha, bibi! Langu utalijua mwenyewe!"

Bibi alivaa miwani, akaufuata ukuta polepole hadi mwisho. Akarudi. Akaenda tena.

"Mjukuu wangu, macho yamenisaliti. Silioni."

Chiriku alilitazama jina lake. Kwa mara ya kwanza tangu aandikishwe shule, alikosa la kusema. Kisha akakigusa kile kiraka chekundu.

"Bibi, wamezirudisha ndani. Na mimi nilishazitema."

Hapo subira ya mwalimu ikafika ukingoni. Alilibandua tikiti ukutani, akaliweka juu ya meza ndogo, na kusema mbele ya wageni wote, "Mkuu, kila siku nawafundisha hawa kwamba cha mwenzio hakiguswi bila ruhusa. Leo ukuta mzima unanisuta. Wataniaminije?"

Chiriku alikuwa ameshaanza kukwangua mbegu kwa kucha.

"Yangu iende mbali zaidi," bibi alisema, akivuta kiti kidogo. "Usinipunje!"

Watoto wengine walianza kuyabandua ya kwao, huyu akidai mbegu zake alizipanga nyota, yule akidai lake lilikuwa chungwa la buluu. Mwalimu alileta gundi.

"Kunjeni mikono ya shati kwanza," alisema. Akamgeukia mkuu na kumsogezea kiti cha kimo cha watoto. "Na wewe, mkuu. Viraka ulivibandika wewe, njoo uvibandue."